Pointi Hazilipi Wali wa Shangazi

Jumamosi iliyopita niliondoka kijiweni Temeke kahawa yangu haijafika nusu, na kwangu hilo si kawaida. Redio ilikuwa kwenye kipindi cha michezo, mchambuzi anapasua kwamba timu zisizolipa wachezaji zikatwe pointi kama Ulaya, tuone kama hazitanyooka. Kijiwe kizima kikaitikia. Wakatwe! Mzee muuza kahawa, ambaye najua ana vikombe vya watu havijalipwa tangu Mwezi Mtukufu, naye akagonga birika. Wakatwe!

Nikauliza swali moja tu: wakishakatwa, nani analipwa? Nikatazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Lilinichoma kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi anauza chakula Mbagala. Misimu kadhaa iliyopita timu moja ya madaraja ya chini, sitaitaja, iliweka kambi karibu na banda lake. Katibu wa timu akaja na mkoba kwapani na heshima zote: "Mama, vijana wangu nataka wale chakula cha nyumbani." Watu 26, sahani 2,500, mchana tu. Ni 65,000 kwa siku. Wiki ya kwanza walilipa taslimu, 455,000, shangazi akafurahi akanunua sufuria kubwa. Wiki tano zilizofuata ziliandikwa kwenye daftari. Hesabu niliipiga mimi mwenyewe: 2,275,000. Daftari lipo mpaka leo, lina doa la mchuzi kwenye jalada na sahihi ya katibu kila ukurasa, sahihi nzuri kweli, imezungushwa kama ya Gavana wa Benki Kuu.

Msimu ukaisha. Nafasi ya timu kwenye ligi ikauzwa, jina likabadilishwa, timu ikahamia mkoa mwingine. Shangazi alipofanikiwa kumpata mtu wa uongozi mpya kwa simu alijibiwa kwa adabu zote: "Mama yangu, hilo ni deni la uongozi uliopita."

Hapa kwetu timu haifilisiki. Inabadilisha jina.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuige Ulaya, huwa nataka kujua anazungumzia kipande gani cha Ulaya. Uingereza, klabu ikizidiwa na madeni ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, inakatwa pointi hapohapo. Portsmouth mwaka 2010 walikatwa 9, klabu ya kwanza ya Ligi Kuu yao kufikia hapo, wakashuka daraja. Watu wetu wanaishia hapo, wanapiga makofi. Ukurasa wa pili hawaufungui.

Ukurasa wa pili unasema wadai wa mpira kwanza. Wachezaji, makocha, klabu nyingine zinazodai pesa za usajili, hao wanalipwa chote, la sivyo klabu hairudishiwi nafasi yake kwenye ligi. Waliobaki wanagawana makombo. Portsmouth ilipoanguka, miongoni mwa waliokuwa wanaidai walikuwamo St John Ambulance, wale watu wa huduma ya kwanza wanaokaa pembeni ya uwanja kuwapepea waliozimia. Yaani mshambuliaji ambaye mshahara wake wa wiki unajenga nyumba Kigamboni anamaliziwa pesa yake yote, na mbeba machela anaambiwa asubiri tuone kitakachobaki. Mamlaka ya kodi ya kule iliona kichefuchefu ikaenda mahakamani kuipinga kanuni hiyo. Ikashindwa, mwaka 2012.

Sasa mtafute shangazi yangu kwenye picha hiyo. Yuko wapi? Yuko nyuma ya mbeba machela.

Siku moja nilijaribu kumweleza haya mambo ya kukatwa pointi, akiwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, ananijua nikianza mpira siachi. Kisha akauliza, "Sasa hizo pointi wanazokatwa, anapewa nani?" Nikasema hapewi mtu, zinapotea tu. Akacheka mpaka ungo ukamtikisika. "Yaani wamekula wali wangu, halafu adhabu yao wanapoteza kitu ambacho mimi hata sikitaki?"

Sijawahi kusikia mchambuzi akiliweka jambo vizuri kuliko hapo.

Tena angalia nani hasa anaumia. Wigan, hukohuko Uingereza, mwaka 2020 walipata mmiliki mpya, ligi ikampitisha, na baada ya wiki chache tu, Julai mosi, mmiliki huyohuyo akaiingiza klabu kwenye ufilisi. Adhabu, pointi 12. Wale vijana waliendelea kucheza, wakawapiga Hull 8-0, nane, na bado wakashuka daraja. Bila makato wangemaliza katikati ya msimamo. Aliyemfungulia mwizi geti ndiye aliyewachapa waliokuwa wamelala ndani. Na ndiyo haki hiyo tunayotamani kuileta Temeke?

Luton nao, msimu wa 2008/09, walianza na pointi 30 chini ya sifuri. Thelathini! Sehemu kubwa ya makosa yalikuwa ya wakubwa waliokwisha ondoka. Ungewapa hata Yanga ya kocha Nabi wasingetoboa.

Halafu wajanja hawakosekani. Leeds mwaka 2007 waliingia kwenye ufilisi wakiwa wameshashuka, zimebaki hesabu za vidole, ili pointi 10, adhabu ya wakati huo, zikatwe kwenye msimu uliokwisha oza. Ligi ikaja ikawakata 15 msimu uliofuata, sawa, lakini somo lilibaki: kanuni hii haimwadhibu anayekopa, inamwadhibu anayekiri kwamba ameshindwa. Ukiendelea kudanganya pointi zako ziko salama. Hebu fikiria ukiwaletea kanuni ya namna hiyo viongozi wa mpira wa Tanzania. Si ni kama kumpa samaki bahari?

Najua mtaniambia nini. Kuna timu inalipa vijana wake kila tarehe 30, kikosi chake kidogo, haina nyota wa kutoka nje, halafu inafungwa na timu iliyosajili kwa pesa ambayo haina. Hao waliofungwa nao wameibiwa. Ni kweli. Sipendi kukubali, ila ni kweli. Ile timu iliyokula kwa shangazi iliwafunga wenzao waliokuwa wanalipa kambi zao, na nguvu za kukimbia walizipata kwenye maharage ambayo hayajalipiwa hadi leo. Kwa hiyo sisemi pointi zisiguswe kabisa. Nasema zisiwe kitu cha kwanza kuguswa, na zisiguswe halafu tukajiona tumemaliza kazi.

Na mimi si msafi kwenye hili. Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, wanaonijua wanajua. Manji, tajiri aliyekuwa anaibeba klabu, alipoondoka 2017 tuliona nyota mchana. Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera ndiye aliyekuwa anahamasisha tuchangie, bakuli likapita mtaa kwa mtaa, mimi mwenyewe nilituma elfu kumi kwa simu na nikapiga picha ule ujumbe kama mtu aliyenunua kiwanja. Mishahara ilikuwa shida na kila mtu alijua. Tukamaliza wa pili. Sasa niseme ukweli wa Mungu: Bodi ya Ligi ingetukata pointi 12 mwaka ule, ningetembea kwa miguu mpaka Karume, kwenye ofisi za TFF, na bango. Watani wetu Simba wangesema ni haki. Watani hao hao ambao mwaka 2017 walipewa pointi tatu za mezani za Kagera Sugar kwa hadithi ya kadi za njano, zikarudishwa zilikotoka, na sisi tukachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Wanajua utamu wa pointi zisizotokana na mguu. Lakini hayo tuyaache, nina daftari la kutetea.

Mnaosema adhabu hatuna, tunayo. Ya FIFA. Mchezaji au kocha wa kigeni asipolipwa anapeleka shauri, klabu inafungiwa kusajili mpaka ilipe. Na inafanya kazi, nakubali, viongozi wanaokimbia simu za wachezaji wazawa mwaka mzima wanapata pesa ndani ya wiki moja barua ya Zurich ikifika. Lakini Agosti 2023 tuliona upande wake wa pili pale Chamazi. Tabora United, ambao wengi bado tulikuwa tunawaita Kitayosce, usajili wao umekwama, wakaingia uwanjani na watu wanane dhidi ya Azam. Wanane! Mechi ikafika 4-0, wengine wakaumia, wakapungua chini ya saba, mwamuzi akamaliza mpira mapema mno. Watu walilipa nauli na kiingilio kuangalia vile. Kule mtaani kwetu hata mechi ya ndondo ya kugombea mbuzi huwa inatimiza kumi na moja.

Mgeni ana FIFA. Mzawa ana kamati, itakaa siku itakayokaa. Mama ntilie ana daftari.

Ninachotaka mimi si kikubwa. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Pesa ya klabu za Ligi Kuu inapitia mikononi mwa wasimamizi kabla ya kufika kwa katibu na mkoba wake. Basi kata hapo. Kabla ya kukata pointi, kata gawio la klabu kwenye pesa hiyo. Wakati wa leseni za klabu, bandika tangazo kwenye ofisi ya kata ilipo kambi: anayeidai timu hii alete ushahidi wake. Aje mwenye nyumba, mwenye basi, fundi jezi, muuza maji, aje na mama mwenye daftari lenye mchuzi. Walipwe moja kwa moja, timu ipokee kinachobaki. Timu za chini zisizo na gawio la maana ziweke dhamana kabla ya msimu, hata kama ni ndogo. Isiyoweza kuweka dhamana ya wali wa wiki tatu ina mpango gani wa kusafiri mpaka Bukoba? Na nafasi ya ligi ikiuzwa, iuzwe na madeni yake. Ukinunua gari lenye faini za barabarani faini unazikuta, kwa nini timu inunuliwe ikiwa imeogeshwa?

Baada ya hapo, ambaye bado hajalipa, mkateni pointi mtakavyo. Nitakuja kugonga birika.

Na kwa haki yao Waingereza baadaye waliongeza kitu ambacho wachambuzi wetu hawakitaji kamwe. Klabu ya ligi zilizo chini ya Ligi Kuu, ikitoka kwenye ufilisi bila kuwalipa wadai wa kawaida angalau peni 25 kwa kila pauni, inakula pointi 15 nyingine. Robo ya deni. Kwa daftari la shangazi hiyo ni 568,750. Ni dharau. Ila ni 568,750 zaidi ya alichopata hapa, ambako alipewa "mama yangu" bila hata shilingi.

Jana jioni nilipita kwake kuchukua chapati. Televisheni ilikuwa inaonyesha taarifa ya michezo, timu fulani inatambulisha mchezaji mpya, jezi mkononi, kamera zinawaka. Pembeni ya mchezaji, suti ya bluu, tabasamu hadi masikioni, katibu wetu. Timu nyingine, cheo kipya. Nikanyamaza nikidhani shangazi hajamwona.

Akageuza chapati, akaitazama skrini kidogo.

"Huyu siku hizi anakula kwa nani?"