Frateniti za Marekani si Freemason, ila kabla hujaingia soma hapa

Kila nikirudi Dar lazima mtu aniulize kuhusu ile picha niliyovaa koti lenye herufi za Kigiriki, na swali ni lile lile, we jamaa umeshaingia Freemason? Shangazi yangu wa Temeke yeye hata hakuuliza, alinishika mkono akaanza kuniombea pale pale sebuleni. Naandika hii kwa sababu wadogo zetu wengi wanakuja kusoma huku Marekani, wiki ya kwanza tu wanakuta vijana wa frateniti wamepanga meza nje na mabango, wanaitwa kwa bashasha, wanalishwa piza, wanaona wamepata ndugu, na huko nyumbani mnawatisha na mambo ya damu na mashetani ambayo hayapo, yale ya kutisha kweli hakuna anayewaambia.

Frateniti ni chama cha wanafunzi wa kiume chuoni, wa kike wana sororiti. Kina makao makuu ya taifa na matawi kwenye vyuo, tawi wanaita chapta. Hizi herufi za Kigiriki zilianza na Phi Beta Kappa pale chuo cha William & Mary, Virginia, tarehe 5 Desemba 1776, miezi mitano tu baada ya Marekani kujitangazia uhuru, ingawa leo hicho ni cha heshima kwa waliofaulu sana, sio cha kuishi nyumba moja na kufanya pati. Alafu kuna zile tisa za watu weusi, zinaitwa Divine Nine, na hizi ndo naomba Mwafrika yeyote azielewe kabla hajazisema vibaya. Ya kwanza ni Alpha Phi Alpha, vijana saba pale chuo cha Cornell, New York, mwaka 1906. Wanafunzi weusi walikuwa wa kuhesabu, maisha ya chuo ya wazungu hayakuwahusu, na mwaka uliotangulia wenzao kadhaa waliondoka na hawakurudi tena. Waliobaki wakaanza na kundi la kusoma pamoja tu, yani kama sisi tunavyokaa na madesa usiku wa kuamkia mtihani ili mtu asidisco, yani asifukuzwe chuo kwa kufeli. Kwenye chama hicho ndo walipita Martin Luther King na Thurgood Marshall, yule jaji wa kwanza mweusi wa mahakama ya juu ya Marekani. Kamala Harris ni wa AKA, yani Alpha Kappa Alpha, sororiti iliyoanzia chuo cha Howard mwaka 1908. Na kama unadhani hayatuhusu, Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, wote wawili walikuwa Phi Beta Sigma, nayo ni moja ya hizo tisa.

Mi nilianza vibaya. Mwaka wa kwanza nilikuwa mpweke mpaka nikawa naenda laibrari sio kusoma, naenda nikae mahali penye watu. Nikaingia kwenye frateniti moja ya nyumba kubwa, jina silitaji, nikapewa mwaliko, nikawa pleji, maana yake hujawa mwanachama, uko kwenye kipindi cha kupimwa, wiki nane. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa nzuri kweli, unapewa kaka mkubwa, unafundishwa historia, mnafanya usafi. Wiki ya nne tukaitwa chini, bezimenti, saa sita usiku. Taa zimezimwa, tukaambiwa tuegemee ukuta magoti yamekunjwa kama mtu amekalia kiti ambacho hakipo, tutaje majina ya waanzilishi kwa mpangilio. Ukikosea hunywi pombe wewe, anakunywa mwenzako wa kulia. Nikakosea mara mbili. Mwenzangu wa kulia alikuwa kijana mwembamba wa Iowa, chupa ilikuwa inagonga meno yake kwa jinsi alivyotetemeka, na baada ya ile ya pili akanigeukia, hakuniangalia kwa hasira, alikuwa ananiomba nisikosee tena. Nikasimama, nikamshika kwapani, tukapanda ngazi tukatoka. Mlangoni nikaambiwa mimi si mwanaume.

Sasa tuwe wakweli, hii tabia si ya Wamarekani peke yao. Aliyepita bodi kwetu anajua maisha ya njuka, kufua soksi za wakubwa, kubebeshwa ndoo, kupigishwa pushapu usiku kwa kosa la kuwa mgeni, na ukifika fomu tatu na wewe unawafanyia wale wale waliokuja jana. Nilifua mashati ya mtu miezi minne na nikaita malezi. Ndo maana mle bezimenti nilichelewa kusimama, mwili wangu ulishazoea kwamba kupendwa kunaanza na kuonewa. Na watu wanakufa. Februari 2017 pale chuo cha Penn State kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe usiku ule ule aliokubaliwa kuwa pleji, akaanguka ngazi, wakakaa masaa bila kuita msaada. Jimbo la Pennsylvania likatunga sheria kali mwaka 2018, na Desemba 2024 ikasainiwa sheria ya nchi nzima inayovilazimisha vyuo kuweka hadharani matukio ya aina hii. Hata zile za watu weusi, nane kati ya hizo tisa, zilikubaliana mwaka 1990 kufuta upleji, ingawa wapo wanaoufanya kwa kificho mpaka leo, na hao siwatetei.

Mwaka wa tatu nikaingia moja kati ya zile tisa, safari hii nikiwa nimeuliza maswali yote. Na uanachama wenyewe ukiusikia utaona unaujua. Ada kila semista, mimi nililipa dola mia nne na kidogo. Wastani wa darasani usishuke chini ya kiwango. Mkutano kila Jumapili jioni, ukikosa bila taarifa unapigwa faini. Masaa ya kujitolea, tulikuwa tunafundisha watoto hesabu Jumamosi na kuandikisha watu kupiga kura. Kuna kiapo na kuna mambo ya ndani hayasemwi nje, sawa, lakini hata kwenye jando na unyago kuna yasiyosemwa nje na hatujawahi kuita Freemason. Mimi kwa macho yangu kile ni chama cha kufa na kuzikana chenye koti.

Na nilikiona kikifanya kazi. Baba alifariki Machi nikiwa kwenye mitihani. Niliambia mtu mmoja tu. Saa tano usiku mlango unagongwa, wamesimama kumi na moja na masufuria, na kwenye bahasha ya kaki kuna nauli yangu yote ya kwenda Dar na kurudi, juu wameorodhesha nani katoa ngapi, kama lile daftari la rambirambi linalokaa mezani karibu na turubai. Nyuma yao mzee wa miaka sabini na kitu, aliingia chama mwaka 1974, kaendesha masaa mawili, hanijui. Akakaa kwenye kochi langu mpaka asubuhi, akiniuliza baba alikuwa mtu wa namna gani.

Hapo ndo naumia nikifikiria kwetu. Kaka yangu alisoma Mlimani, nilikuwa namtembelea hosteli Mabibo, mle watu walikuwa wanabebana kitanda kimoja wawili, boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa sahani moja inaliwa na wanne, hakuna aliyemwapisha mtu wala kumdai ada. Huo undugu Wamarekani wanaulipia na bado hawaufikii. Lakini siku ya mahafali unaishia getini. Grupu la WhatsApp linafufuka kwa kadi ya harusi tu, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi anaondoka na daftari kwenye begi, wanaokuja wanaanza upya, na mzee aliyemaliza Mlimani 1974 hakuna kijana wa mwaka wa kwanza anayemjua wala anayeweza kugongewa naye mlango usiku. Wenzetu wameandika majina, wanatunza, wanapigiana simu. Hiki tungekichukua kesho asubuhi bila hizo herufi.

Mtoto wa mjomba anaanza chuo Ohio mwezi wa nane. Nimemwambia akipewa mwaliko adai ada zote kwa maandishi, aingie tovuti ya chuo asome ripoti ya matukio ya hiyo chapta, na namba ya yule mzee nimeshamtumia. Akiitwa bezimenti saa sita usiku anipigie mimi, ni masaa matatu kwa gari, nitakuja.