Maisha ya mwandishi na ulimwengu anaoubuni

Mwaka 1955 mwandishi C. S. Lewis alichapisha vitabu viwili vinavyogusa jambo moja kwa njia mbili tofauti kabisa. Kimoja, The Magician's Nephew, ni riwaya ya fantasia ya watoto, ambamo mvulana aitwaye Digory anaishi na hofu ya kufiwa na mama yake mgonjwa, na mwishowe analeta tunda linalomponya. Kingine, Surprised by Joy, ni tawasifu, na humo Lewis anasimulia jinsi mama yake mwenyewe alivyofariki kwa saratani mwaka 1908, yeye akiwa na umri wa miaka 9, licha ya maombi yake yote ya kitoto. Msomaji anayevijua vitabu vyote viwili hawezi kuacha kuona uhusiano uliopo. Kinachowagawa wahakiki ni thamani ya uhusiano huo: je, unatusaidia kuielewa riwaya, au unatutoa ndani ya riwaya na kutupeleka kwenye maisha ya mtu?

Ugumu unaongezeka tukikumbuka kwamba Lewis huyohuyo alikuwa mpinzani mkali wa uhakiki wa kiwasifu, yaani ule unaoieleza kazi kwa kutumia maisha ya mwandishi wake. Mwaka 1939 alichapisha pamoja na mhakiki E. M. W. Tillyard kitabu cha mabishano yao, ambamo alishikilia kuwa mshairi hatuombi tumtazame yeye, bali anatuonyesha kitu, na wajibu wetu ni kukitazama kitu hicho. Katika mhadhara wa mwaka 1959 aliongeza ushahidi wa maisha yake ya uandishi. Alisema kuwa wahakiki waliojaribu kukisia namna vitabu vyake vilivyozaliwa hawakupatia hata mara moja, kadiri alivyoweza kukumbuka. Alitaja pia pete iliyomo katika riwaya ya rafiki yake J. R. R. Tolkien, ambayo watu walidhani imetokana na bomu la atomiki, ilhali tarehe za kuandikwa kwa kazi yenyewe zinaikanusha dhana hiyo: Tolkien alianza kuiandika The Lord of the Rings mwishoni mwa mwaka 1937, miaka kadhaa kabla ya ulimwengu kusikia habari za bomu hilo.

Hoja hii haifai kupuuzwa, hasa katika fantasia, kwa sababu utanzu huu una kanuni zake ambazo ni kongwe kuliko mwandishi yeyote. Mtoto yatima anayegundua kuwa yeye si mtu wa kawaida, safari ya kulitafuta jambo lililopotea, mzee mwenye hekima anayetoweka wakati anapohitajika zaidi: haya yamo katika ngano za kila mahali. J. K. Rowling alianza kubuni hadithi ya Harry Potter mwaka 1990, na mama yake akafariki mwezi Desemba mwaka huohuo. Ni rahisi kusema kwamba kifo hicho ndicho kilichomfanya mhusika wake awe yatima, lakini yatima huyo alikuwa ameshabuniwa tayari. Kilichobadilika, kwa maelezo ya mwandishi mwenyewe, ni uzito: vifo vya wazazi wa Harry vilikoma kuwa hatua ya kuanzishia msuko, vikawa huzuni inayomfuata mhusika katika kila kitabu. Tofauti hiyo kati ya msuko na uzito ni muhimu, nami naiona kuwa njia nzuri ya kutoka katika mabishano haya.

Upande wa pili nao una ushahidi wake, tena wakati mwingine unatoka vinywani mwa waandishi wale wale wanaoukataa uhakiki wa kiwasifu. Tolkien alichukia kazi zake zisomwe kama mafumbo ya vita vya karne ya ishirini, na alilisema hilo waziwazi katika dibaji ya toleo la pili la riwaya yake. Hata hivyo, katika dibaji hiyohiyo aliwakumbusha wasomaji kwamba kufikia mwaka 1918 marafiki zake wa karibu wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekufa. Yeye mwenyewe alikuwa katika mapigano ya Somme, huko Ufaransa, mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaugua homa ya mahandaki inayoenezwa na chawa, na kurudishwa Uingereza mwezi Novemba. Katika riwaya, wahusika Frodo na Sam wanapita katika kinamasi ambamo nyuso za wapiganaji waliokufa zamani zinaonekana chini ya maji, zimemulikwa na vimwangaza hafifu vinavyomvuta mpita njia atumbukie. Barua aliyoiandika mwaka 1960 inakiri kwamba kinamasi hicho kinadaiwa kitu fulani na kaskazini mwa Ufaransa baada ya Somme. Lakini sentensi inayofuata inasema kwamba deni kubwa zaidi ni la riwaya za mwandishi Mwingereza William Morris alizozisoma.

Wengi huinukuu nusu ya kwanza ya ungamo hilo na kuiacha ya pili, na hapo ndipo naona kosa kubwa la usomaji wa kiwasifu. Uzoefu wa mwandishi haujumuishi tu yale yaliyompata mwilini. Vitabu alivyovisoma ni sehemu ya maisha yake vilevile, na mara nyingi ndivyo vinavyompa umbo la kulisemea lile lililompata. Askari wengi waliziona maiti za Somme zikiwa zimezama katika matope. Aliyezipeleka katika kinamasi cha kale na kuziwashia mishumaa ya kupotosha alikuwa mtu aliyelelewa na ngano za kaskazini mwa Ulaya. Aliyechagua kusoma wasifu pekee hatajua mishumaa ile ilitoka wapi, na aliyechagua kusoma ngano pekee hatajua kwa nini nyuso zile zinatisha kiasi kile.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza ni wapi maisha yanafanana na riwaya, ningependa tuulize ni wapi mwandishi ameyabadilisha. Jibu jepesi kuhusu Lewis ni kwamba alijiponyea katika hadithi mama aliyeshindwa kuponywa duniani, lakini tukiisoma riwaya kwa makini, jibu hilo halitoshi. Digory anapomwomba simba Aslan dawa ya mama yake, anainua macho na kuona machozi makubwa katika macho ya simba, makubwa kiasi kwamba anahisi huenda simba anamhuzunikia mama yake kuliko yeye mwenyewe. Baadaye anatumwa kuchuma tunda kwa ajili ya simba, na mchawi Jadis anamshawishi aachane na simba na alikimbize tunda kwa mama yake. Anakataa. Ndipo anaposikia kwamba tunda la wizi lingemponya mama kweli, ila ingefika siku ambayo wote wawili wangesema kwamba heri angekufa kwa ugonjwa ule. Tunda linalomponya mama ni lile analopewa kwa ruhusa.

Sasa tuirudie tawasifu. Lewis anasema kwamba alipomwombea mama yake, alimfikiria Mungu kama mchawi tu, ambaye angetenda alichoombwa kisha aondoke. Kwa maoni yangu, riwaya haifuti kifo cha mwaka 1908. Inalihukumu ombi la mtoto yule, kwa upole mkubwa, kwa kumweka mvulana mwingine mbele ya uchawi unaofanya kazi na kumfanya aukatae. Maana hii haiwezi kupatikana kutoka katika wasifu peke yake, kwa kuwa tukio la kukataa halikutokea popote katika maisha ya Lewis.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa kazi iliyo karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika kwa muda mrefu kabla ya kuchapisha Kusadikika mwaka 1951. Humo, katika nchi inayoelea angani, Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, ambao walirudi na mashauri mema wakaishia gerezani. Wahakiki wengi wameiona kuwa fumbo la ukoloni, na sioni sababu ya kulipinga hilo: karani Mwafrika wa zama zile alijua vyema jinsi shauri jema linavyodharauliwa na wakubwa. Hata hivyo, wanaomhukumu Karama si wageni. Mfalme ni wa Kusadikika, na Majivuno, waziri anayemshtaki, ni Msadikika. Wasifu wa mwandishi ungetufanya tutarajie watawala waliotoka ng'ambo, naye akawaweka wenyeji. Kwa badiliko hilo moja, kitabu kilichoandikwa chini ya bendera ya Uingereza kiliweza kusomwa, baada ya mwaka 1961, kama hoja dhidi ya mtawala yeyote anayewafunga watu wake kwa sababu ya mashauri yao.