Kamongo Aliyeingia Sinema Bila Tiketi

Mnamo mwaka 1986, mtoto wa Mwanza aliyetaka kuona picha zinazotembea hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa jumba la sinema, kwa kuwa televisheni ilikuwa bado haijaanza Tanzania Bara na ingetusubirisha hadi 1994. Jumba letu lilikuwa katikati ya mji, mwendo mfupi kutoka Makoroboi, mahali palipopata jina kutokana na mafundi waliogonga makopo na mabati kutwa nzima wakitengeneza koroboi. Mkabala na lango la sinema palikuwa na duka la vitambaa ambalo mwenyewe alituvumilia barazani tukikodolea macho mabango, na pembeni yake aliketi mama muuza karanga, ambaye alizifunga kwa karatasi za madaftari ya shule, hivi kwamba ukimaliza kutafuna uliweza kukagua makosa ya hesabu ya mtoto wa watu.

Jumamosi moja Mama alinituma mwaloni Kirumba kununua kamongo. Mjomba, mvuvi wa miaka mingi wa Ukerewe, alikuwa ameshuka melini asubuhi hiyo, akanywa chai, akaaga kwamba anakwenda mjini kutazama nyavu. Muuzaji alimpiga samaki wangu rungu moja la kichwa, akamkunja ndani ya kikapu, akaniapia kwamba amekufa. Nilimwamini, hasa kwa sababu chenji niliyobaki nayo ilitosha tiketi ya mabenchi ya mbele, na picha ya saa nane mchana ilikuwa karibu kuanza.

Kosa langu lilikuwa kusahau jambo ambalo kila mtoto wa ziwani analijua, kwamba kamongo ana mapafu, na kwamba kumtoa majini si kumuua bali ni kumuudhi.

Picha yenyewe ilikuwa ya Kihindi na, kwa bahati mbaya kubwa, ilikuwa na nyoka. Swila alipoanza kuinuka polepole kwa sauti ya zumari, na ukumbi mzima ukiwa umeshika pumzi, nilihisi kikapu kikitikisika kati ya miguu yangu. Nilipoingiza mkono, nilikuta majani ya mgomba matupu. Sikuthubutu kusema neno. Baada ya muda mfupi mtu mmoja safu ya nyuma yangu, ambaye bila shaka alikuwa amevua viatu, alipiga ukelele wa Kisukuma, ‘Nzoka!’, na neno hilo halikuhitaji mkalimani.

Mabenchi yalianguka, karanga zikamwagika, na watu wazima waliokuwa wakitufundisha adabu kila siku wakatukanyaga wakielekea mlangoni. Pande la mtu lilipanda jukwaani mbele ya pazia, kivuli chake kikasimama sambamba na swila, likiwa limeinua mguu mmoja usio na kiatu na kuomba msaada kwa Mungu na kwa mtu wa mashine. Mashine ilizimwa, taa zikawashwa, nami nikaonekana peke yangu sakafuni, nimemfunika kamongo kwa kikapu na kumkalia.

Mkata tiketi alinimulika kwa tochi, ingawa taa zilikuwa zinawaka.

‘Hicho ni nini?’

‘Shikamoo mzee. Ni kitoweo.’

Alinitoa nje kwa sikio, na hela yangu haikurudi. Nyumbani Mama alimalizia kazi ya muuzaji kwa mchi wa kinu, akishangaa samaki gani huyu mwenye maganda ya karanga mgongoni.

Usiku, Mjomba alirejea bila nyavu, amevaa kubazi moja. Alipokwisha kunawa na kumega ugali, alitusimulia kwamba alipokuwa akipita tu karibu na sinema, alisikia kelele, akaingia kuokoa watu, akakuta nyoka mwenye urefu wa mtumbwi, naye mwenyewe akamkanyaga kichwa hadi akatulia. Alieleza hayo yote huku akimsifu kamongo kwa unono wake. Mimi nilitazama sahani yangu.

‘Na kiatu cha pili, kaka?’ Mama aliuliza.

Mjomba alijibu kwamba nyoka alikimeza, kisha akasogeza bakuli lake aongezewe kipande cha mkiani.