Mwezi mmoja hautoshi, mjomba

Jumapili tulikuwa msibani Chikongola, hapa Mtwara, tumekaa mkekani tunasubiri ubwabwa, mjomba mmoja akamnyooshea kidole binamu yangu mbele za watu. Eti huyu ana mwezi mzima hatumii dawa za kulevya na bado kazi yake kulala, hacheki, hafurahii kitu, huo ni uvivu tu, angeamua kweli angeshakuwa mtu. Dogo akanyanyuka akaondoka bila kula. Hasira niliyonayo haijaisha mpaka leo.

Jamani, dogo hakuwa wa unga, yani heroini, alikuwa anatumia methamfetamini, na hivi vitu viwili havifanani. Wa unga anapewa methadoni, dawa ya kumtuliza arosto, inamsaidia. Wa methamfetamini mpaka leo hana dawa yoyote iliyoidhinishwa kwa ajili yake, ana muda na watu wake basi.

Kawaida dopamini, kemikali ya ubongo inayotusukuma kutafuta vitu vya kufurahisha, inatoka kidogo kidogo kwenye seli za ubongo, inagusa vipokezi, yani sehemu za seli zinazoipokea, halafu inavutwa kurudi ilikotoka. Kokeini inaziba hiyo njia ya kurudia. Methamfetamini inaingia mpaka ndani ya seli, inazoa akiba, na ile pampu ya kurudisha inageuka inaanza kumwaga nje. Vipokezi viko vya aina tano, D1 mpaka D5. D2 vinashtuka hata kwa dopamini kidogo, D1 vinataka nyingi kwa mkupuo, na dawa inaleta mkupuo ambao hakuna chakula wala ngoma inaweza kuuleta, ubongo unashika hapo hapo kwamba hiki ndo cha kutafuta.

Sasa fikiria nyumba iliyo jirani na kigodoro, spika zinapigwa usiku kucha, wiki na wiki. Si utafunga madirisha yote? Ubongo nao ndo hivyo. Mtafiti wa ubongo Nora Volkow na wenzake kule Marekani waliwapiga picha za ubongo watu waliokuwa wanatumia methamfetamini, wakachapisha mwaka 2001, wakakuta D2 zao ziko chini kuliko za watu wengine. Kigodoro kimeondoka lakini madirisha bado yamefungwa, mama anapiga hodi taratibu na sahani ya ming'oko, nani atamsikia? Binamu yangu hakatai furaha, haimfikii.

Na mwaka huo huo walionyesha kitu kingine ambacho natamani mjomba akijue. Zile pampu za dopamini zilianza kurudi kwa walioacha, lakini waliliona hilo baada ya miezi 12 mpaka 17, na hata hapo kumbukumbu na wepesi wa mikono havikuwa vimerudi sawasawa. Yani toka msimu wa korosho mpaka msimu mwingine na zaidi, sisi tunamhukumu kwa siku thelathini!

Halafu binamu alipokuwa anasikia sauti zisizokuwepo, hospitali walimpa haloperidoli, sauti zikapungua kweli, ila dawa hiyo inafanya kazi kwa kuziba hizo hizo D2, kwahiyo akazidi kuwa mzito, nyumbani wakasema ndo kazidi uvivu. Hakuna aliyekaa na familia akatuelezea hilo, na liliniuma.

Haya, alianza mwenyewe, hakushikiwa. Simu ya mama aliuza. Hilo sibishani na mtu. Ila kuanza kwake hakufanyi vipokezi virudi haraka, na kumuaibisha msibani ndo kumrudisha kijiweni ambako hakuna anayemcheka.

Jana jioni nilimpitia Shangani tukakaa ufukweni, hatukuongea sana. Mama mmoja akapita na pweza wa kukaanga, nikanunua vipande viwili. Akala chake taratibu akanyamaza, halafu akaniuliza, "Kaka, hii ina pilipili?" Ilikuwa nayo, nyingi tu, toka kipande cha kwanza. Nikamwambia ndio, akakata kingine.