Na waliochimba mashimo?

Mwandishi, katika makala yako umeisifu vizuri bustani ya mimea ya Entebbe, Uganda, ile iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1898. Hata mimi nilipofika niliwapenda sana mbega wake na miti ile mikubwa inayoteremka hadi Ziwa Viktoria. Lakini sisi wa Mwanza, tunaoliangalia ziwa hilohilo, tunauliza: waliochimba mashimo na kubeba miche walikuwa akina nani? Bustani hizi zilikuwa mahali pa kujaribia mazao ya kuwanufaisha watawala. Wajerumani nao walianzisha ya Amani, kule Usambara, mwaka 1902. Vibao vya Entebbe viandikwe pia majina ya miti kwa Kiganda, lugha ya wenyeji wa huko. Bibi yangu Usukumani anaitambua miti kwa majina na dawa zake. Elimu hiyo nayo wageni waonyeshwe.