Gari Lilianguka, Sisi Tukaona Chenga

Kaseti ya VHS hufungwa kwa skrubu tano. Siku ile zilirudi nne. Ya tano ilipatikana usiku, kwenye jino la mjomba, katikati ya korosho.

Mkanda wenyewe ulikuwa Ferris Bueller's Day Off, filamu ya John Hughes ya mwaka 1986: kijana anajifanya mgonjwa, anatoroka shule, anamkokota rafiki yake Cameron na mpenzi wake Sloane kuzurura Chicago kutwa nzima kwa Ferrari nyekundu ya baba yake Cameron. Niliutangaza tangu Jumatatu. Jumamosi saa mbili usiku, baraza ya bibi pale Mikindani ilijaa wapwa, majirani na watoto nisiowajua kabisa. TV ya kichogo tuliipandisha juu ya kinu.

Mkanda uliokaa sandukuni karibu na bahari hauchomekwi tu. Kwanza unachungulia kidirishani. Ukiona weupe kama unga wa muhogo kwenye kingo za mkanda, huo ni ukungu. Utahamia kwenye hedi za deki, yaani vichwa vinavyosoma mkanda, na hedi zitaugawa kwa kila kaseti itakayofuata. Wangu ulikuwa safi. Hedi nikazisafisha vilevile, kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, maana ya 70 ina maji mengi. Unalowesha kipande cha ngozi laini kisichotoa nyuzi, unakigusisha kwenye ngoma, ile silinda inayobeba hedi, bila kukisogeza, kisha unaizungusha ngoma yenyewe kwa kidole. Ukisugua juu chini, hedi inavunjika. Mjomba alishauri gongo la mabibo.

"Linasafisha hata koo," alisema.

Nikamjibu, mjomba, huu ni utaalamu.

Utaalamu huo haukufika kwenye raba. Ndani ya deki kuna kigurudumu cha raba kinachozungusha upande unaopokea mkanda. Raba ikizeeka inakuwa ngumu, inang'aa kama kisigino cha bwana harusi, inateleza. Deki inaendelea kuvuta, upande wa kupokea umelala, na mkanda unajimwaga humo humo ndani. Dawa yake ni msasa laini, kuikwangua kidogo tu, dakika 10 umemaliza. Niliona uvivu.

Tukafika pale pazuri. Vijana wale wameona mita imesoma maili nyingi, baba atajua. Wanainyanyua Ferrari kwa jeki, matairi ya nyuma hewani, wanaiendesha kwa rivasi eti maili zirudi.

"Mjomba, zitarudi?" akauliza mpwa wangu mdogo.

"Tulia uone."

Deki ikatoa mlio wa mbuzi.

Mwenye akili angechomoa umeme, akafungua mfuniko na kuunasua mkanda kwa vidole, taratibu. Mimi nilibonyeza kitufe cha kutolea kaseti. Kaseti ikatoka, utumbo ukabaki ndani. Nikavuta. Ukakatika, ncha moja ikazama ndani ya kaseti, na ndipo skrubu tano zikaingia katika habari hii. Nilizipanga pembeni ya sinia la korosho, gizani. Msinisute.

Nilikata kipande kilichokunjamana, kama sentimita 40. Mkanda wa PAL, yaani mfumo wa picha wa TV zetu, hutembea sentimita 2.34 kwa sekunde kwa kasi ya kawaida, kwa hiyo tulipoteza sekunde 17 tu. Kilichoniumbua ni kuunga. Upo utepe maalumu wa kazi hiyo, mwembamba, unaobandikwa mgongoni mwa mkanda, upande usiogusa hedi. Mimi nilikuwa na selotepu ya kufunikia madaftari. Niliibandika mgongoni sawasawa, lakini gundi ya selotepu kwenye joto la Mikindani haikai ilipowekwa, inachuruzika pembeni.

Nikabonyeza tena. Kiungo kikapita kwenye ngoma, gundi ikaziba hedi, skrini nzima chenga. Ila sauti ina hedi yake peke yake, na hiyo ilikuwa nzima. Tukamsikia Cameron akifoka. Tukasikia mateke. Halafu kishindo na vioo.

"Nini kimevunjika?" bibi akashtuka.

"Gari, bibi. Amelipiga mateke, limechomoka kwenye jeki, limetoka kinyumenyume, limepasua ukuta wa kioo, limeangukia bondeni."

"Gari lipi? Mimi naona mvua."

Ikabidi nilete kigoda kuwa Ferrari na ngazi ya baraza kuwa bonde. Kigoda kilianguka vizuri. Mjomba alisikitika kama gari ni la kwake. Nikamwambia waigizaji walipewa la bandia, si Ferrari halisi. Hakutulia. Akatupia korosho mdomoni kujifariji, akapiga ukelele. Skrubu ikawa imepatikana.

Watoto wakaanza kuinuka, nikawazuia. Hedi iliyozibwa kidogo huweza kuzibuka yenyewe, mkanda safi ukiendelea kuisugua. Nikawaapia. Tukakaa tukiangalia mvua hadi muziki wa mwisho, majina yakipita bila kuonekana. Kweli, chenga zikapungua, zikawa mistari, halafu picha ikasimama safi kama kioo: Ferris, kavaa joho la kuogea, anatokeza kwenye korido, anatushangaa.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

"Anauliza mbona bado tupo. Filamu imekwisha, twende nyumbani."

"Huyo ndiye mwenye akili," bibi akasema, akakunja mkeka na wapwa wawili wakiwa bado juu yake.