Ndege wa Guangzhou kwenye kuta za Uingereza

Wako wanaosema kwamba karatasi za ukutani zilizochorwa kwa mkono Guangzhou, mji wa bandari kusini mwa China, katika karne ya 18, zikapakiwa melini kwenda Ulaya, si sanaa ya Kichina hasa. Hoja yao haipuuziki. Wachina hawakuzibandika majumbani mwao. Zilichorwa kwa ladha ya mteja wa ng'ambo, na wachoraji hawakutia sahihi. Hata mistari ya baadhi yake ilichapwa kwanza kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, rangi ikafuata kwa brashi.

Ila kuziita bidhaa tupu ni kutoziangalia. Karatasi za Kiingereza za enzi hizo zilichapwa kwa vibao, hivyo ua lilelile hujirudia ukuta mzima. Za Guangzhou zilikuja kwa seti, mara nyingi vipande 25 au 40, kila kipande na mti wake, na tawi linaloishia hapa huendelezwa pale, mpaka bustani izunguke chumba. Na fundi hakukijua chumba hicho! Hakujua dari iko juu kiasi gani wala madirisha yako wapi. Basi sehemu ya juu aliiacha wazi, anga tupu, ili ikatwe bila kugusa ndege hata mmoja. Pamoja na seti zilitumwa ndege, vipepeo na matawi ya ziada, ya kukata na kubandika panapoonekana kiungo. Mila ya kuchora ndege na maua ilikuwa na karne nyingi China. Mteja alikuwa mgeni, jicho na mkono vilikuwa vya Wachina wenyewe.

Wapinzani hupenda kutaja Temple Newsam, jumba la kifahari karibu na Leeds, Uingereza. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1820, Lady Hertford, mwenye jumba, alikata ndege kutoka kwenye kitabu cha mchoraji Audubon cha ndege wa Amerika akawabandika juu ya karatasi ya Kichina. Wanaona dharau. Mimi naona alifanya kile ambacho mafundi wa Guangzhou walikuwa wamekitarajia siku zote, na mchoro ukawapokea wageni bila kuharibika.

Kinachoniuma ni kwingine. Karatasi ya Kichina ya Harewood House, jumba jingine la Kiingereza, ilibandikwa mwaka 1769, ikaja kung'olewa na kuhifadhiwa, ikapatikana tena 1988. Aliyeibandika tunamjua kwa jina, Thomas Chippendale, fundi samani mashuhuri. Walioichora, hatumjui hata mmoja, na huko kukosa majina ndiko kunakogeuzwa ushahidi dhidi yao.